Uganda: Misuli ya mguu, na sindano inayoweza kumlemaza mtoto

Mashariki mwa Uganda, hasa katika eneo la Teso, madaktari wa mifupa wamekuwa wakiwapokea watoto wasioweza kuchutama magoti yakiwa pamoja. Mifupa ya watoto hao ni mizima. Kilichoharibika ni msuli wa kalio, na chanzo kinachotajwa zaidi ni sindano za mara kwa mara, hususan za kwinini, walizochomwa walipougua malaria wangali wadogo. Ili kufahamu ni vipi sindano ya kalio inavyoweza kuharibu mwendo wa mtu maisha yake yote, yafaa kwanza kufahamu jinsi misuli ya mguu inavyoviendesha viungo vyake.

Msuli huvuta, hausukumi

Kila msuli unaosogeza kiungo umeshikamana na mifupa kwa kano, na huvuka kiungo kimoja au zaidi. Amri ya ubongo inapoufikia kwa njia ya neva, msuli hujikaza na kuwa mfupi, nao mfupa ukavutwa. Hauna uwezo wa kusukuma. Kwa sababu hiyo misuli imepangwa pande zinazokabiliana: mmoja hukunja kiungo, mwingine hukinyoosha, na mmoja unapokaza, mwenziwe sharti ulegee na kurefuka. Hivyo basi, msuli ulioshindwa kurefuka huzuia kiungo sawasawa na msuli ulioshindwa kukaza.

Nyonga

Msuli mkubwa kuliko yote mwilini ni ule wa kalio. Unaanzia nyuma ya fupanyonga na kushuka hadi kwenye fupa la paja. Ndio unaonyoosha nyonga mtu anapoinuka kitini, anapopanda mlima au anapokimbia, na ndio unaolizungusha paja kuelekea nje. Chini yake, kwa upande, imo misuli miwili midogo zaidi inayoshikilia fupanyonga lisiinamie upande mmoja kila tunaposimama kwa mguu mmoja. Ikidhoofika, mtu huyumba anapotembea.

Kazi ya kulikunja paja mbele ni ya msuli unaotoka kwenye pingili za uti wa mgongo kiunoni, ukaungana na mwingine wa ndani ya fupanyonga, kisha yote miwili ikajishika juu ya fupa la paja.

Goti

Mbele ya paja kuna kundi la misuli minne inayokutana katika kano moja. Kano hiyo hupita juu ya pia ya goti na kujishika kwenye mfupa wa muundi. Kundi hilo ndilo linalonyoosha goti, na pia ndilo linalotuzuia tusianguke tunapoteremka ngazi. Mmoja kati ya minne hiyo huvuka nyonga vilevile, kwa hiyo husaidia kuliinua paja.

Nyuma ya paja ipo misuli mitatu inayotoka kwenye mfupa wa kukalia na kuishia chini ya goti. Hiyo hukunja goti na kusaidia kunyoosha nyonga. Mkimbiaji anaposimama ghafla akishika nyuma ya paja, mara nyingi ni mmoja wa hiyo uliochanika.

Kifundo cha mguu

Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa inayoungana katika kano ya kisigino, iliyo nene na yenye nguvu kuliko kano zote mwilini. Misuli hiyo huinua kisigino na kuusukuma mwili mbele katika kila hatua. Mkabala wake, mbele ya muundi, upo msuli unaoinua wayo ili vidole visiburuze ardhi mguu unapopelekwa mbele. Kazi yake haionekani mpaka siku unapopooza: hapo wayo huning'inia, na mtu hulazimika kuliinua goti juu mno kana kwamba anakanyaga majini.

Sindano inapoleta ulemavu

Madhara ya sindano ya kalio ni ya namna mbili. Ya kwanza yanahusu neva. Chini ya msuli wa kalio hupita neva nene kuliko zote mwilini, iitwayo siatiki. Matawi yake huiamuru misuli ya nyuma ya paja na misuli yote iliyo chini ya goti. Kalio la mtoto mdogo lina nyama chache, na neva haiko mbali na ngozi. Sindano ikiigusa, au dawa kali ikimwagwa karibu nayo, mtoto anaweza kupooza mguu papo hapo, na wayo ukaanza kuning'inia.

Namna ya pili huja polepole. Dawa inayochoma nyama, ikirudiwa mahali pamoja, huua nyuzi za msuli, na nafasi yake hujazwa na kovu gumu. Kovu halikazi wala halirefuki. Kadiri mtoto anavyokua, mfupa unarefuka lakini kovu linabaki vilevile, likilivuta paja nje. Mtoto akichutama, magoti hutawanyika kama ya chura. Kufua, kulima, kutumia choo cha shimo na hata kuketi darasani huwa taabu. Jambo kama hilo likiipata misuli ya mbele ya paja, goti hukataa kukunjika.

Mabadiliko ya tiba

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Miongoni mwa waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, miongoni mwa waliopewa atesuneti, ni asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza atesuneti kuwa dawa ya kwanza kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali. Shirika hilo huelekeza pia kwamba sindano za msuli za dawa hizo zichomwe mbele ya paja, si kwenye kalio. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto, bila sindano.

Yanayompasa mzazi

Haifai kuikataa sindano ambayo mtoto anaihitaji, kwani malaria kali huua kwa muda mfupi. Hata hivyo, mzazi ana haki ya kuuliza: je, dawa hii haipatikani kwa kumeza? Kama ni sindano, itachomwa wapi? Inafaa pia kukumbuka kwamba kuomba sindano kwa kila homa, kwa imani kwamba ina nguvu kuliko kidonge, ni kumweka mtoto katika hatari isiyo ya lazima.

Mtoto akianza kuburuza wayo baada ya sindano, afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla hupaswa kuripotiwa, kwa kuwa dalili hizo hufanana na za polio. Neva iliyojeruhiwa huweza kupona kwa miezi kadhaa, na wakati huo mazoezi ya viungo pamoja na kifaa cha kuushikilia wayo huzuia kano ya kisigino isikakamae. Kwa watoto wenye kovu la kalio, daktari bingwa anaweza kulikata kwa upasuaji, kisha mazoezi yakafuata. Wengi hurejea kuchutama magoti yakiwa pamoja.