Kutoka bila Kuondoka: Rapu ya Andagraundi na Intaneti, kwa Kuitazama kutoka Tukuyu

Utangulizi

Neno andagraundi lina historia fupi katika Kiswahili, lakini historia hiyo inafundisha mengi. Huko Marekani lilikotoka, lilimtaja mwanamuziki aliyekataa kwa hiari yake masharti ya kampuni kubwa. Vijana wa Tanzania waliolipokea pamoja na muziki wa kufokafoka, yaani rapu, walilipa maana nyingine. Kwao, andagraundi alikuwa chipukizi ambaye wimbo wake haujapigwa redioni. Kinyume chake kilielezwa kwa kitenzi kutoka: msanii "aliyetoka" ni yule aliyekwisha kujulikana. Hivyo, jina la msimamo likageuka kuwa jina la hali. Kile kilichokuwa uamuzi kikawa foleni.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba intaneti iliirudishia istilahi hii sehemu ya maana yake ya awali. Badiliko hilo huonekana vizuri zaidi mtu akilitazama akiwa mbali na Dar es Salaam, katika mji kama Tukuyu.

Mlango mmoja

Rapu kwa Kiswahili ilianza kusikika kwa nguvu mwaka 1991, Saleh Jabir alipotia maneno ya Kiswahili katika midundo ya Kimarekani. Kundi la Kwanza Unit liliundwa mwaka 1993. Mwaka huohuo sheria mpya ya utangazaji ilifungua njia kwa vituo binafsi, na Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994. Hata hivyo, studio, vituo vya redio na wasambazaji wakubwa wa kanda walikuwa katika jiji moja, na wasambazaji hao wengi wao walikuwa Kariakoo.

Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, iko kilomita 70 hivi kusini mwa Mbeya, katika barabara iendayo Malawi. Kwa kijana wa huko, kutoka kulikuwa na maana mbili: kupanda basi la Dar es Salaam na kupata jina. Maana ya pili haikupatikana bila ya kwanza. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr. II na baadaye Sugu, alikulia Mbeya, lakini sauti yake ilienea nchini kupitia Dar es Salaam.

Katika soka mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, kwa kuwa ligi ilihesabu pointi, wala haikujali timu inatoka umbali gani. Muziki haukuwa na ligi ya namna hiyo. Ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu.

Njia ya pembeni

Mfano wa mapema wa kuuzunguka mlango huo ulitoka Arusha. Kundi la X Plastaz, lililoundwa mwaka 1996, lilichanganya rapu ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai. Tovuti ya muziki wa rapu wa Kiafrika, iliyoanzishwa na Mholanzi Thomas Gesthuizen mwishoni mwa miaka ya 1990, ililisaidia kundi hilo kujulikana ng'ambo. Na mwaka 2004 albamu yake, Maasai Hip Hop, ilitolewa na kampuni ya Ujerumani. Hapa pembezoni palizungumza na ulimwengu bila kupitia kitovu.

Jambo hili liliwezekana kwa wengi baada ya mkonga wa baharini wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, na mkongo wa taifa kufikishwa mikoani. Nyimbo ziliwekwa katika hifadhi za bure kama 4shared na Hulkshare, na baadaye YouTube. Lakini isidhaniwe kwamba kila msikilizaji alikuwa na intaneti. Wimbo ulishushwa mara moja, kisha ukarushwa kwa Bluetooth na kunakiliwa katika kadi za simu. Intaneti ilifanya kazi ya lori la masafa marefu. Kufikisha mzigo nyumbani ilibaki kazi ya mkono, kama enzi ya kanda.

Mwaka 2011 ilitokea Anti-Virus, mkusanyiko wa nyimbo za Sugu na wenzake, uliosambazwa nje ya mkondo wa redio. Wakati huo Sugu alikuwa Mbunge wa Mbeya Mjini. Mtu aliyekwisha "kutoka" zamani alichagua njia za andagraundi. Katika miaka hiyohiyo, wasanii wa Tamaduni Muzik, akiwemo Nikki Mbishi, walilibeba jina hilo kama sifa. Foleni ikawa tena msimamo.

Athari katika lugha

Wimbo wa redio huhitaji kiitikio chepesi. Wimbo usioisubiri redio huweza kurefusha beti na kukaza vina. Kwa kuwa maneno mengi ya Kiswahili huishia kwa irabu, kina cha silabi moja ni rahisi mno. Katika shairi la jadi, ugumu huletwa na mizani pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Katika rapu mdundo huchukua nafasi ya mizani, kwa hiyo umahiri hutafutwa kwenye urefu wa kina. "Chai" na "uhai" hazitoshi. Fundi hutafuta "kuvumilia" na "kutumikia", ambamo irabu tano hufuatana kwa mpango uleule.

Hata hivyo, uhuru wa kusambaza haukuleta usawa wa lahaja. Msemaji wa Kinyakyusa, lugha yenye irabu saba, hakuhitaji tena mtangazaji wa kuipitisha lafudhi yake. Lakini msamiati wa mitaa ya Dar es Salaam uliendelea kuwa kipimo cha ujanja. Wimbo uliweza kubaki Rungwe kwa asili, huku masikio ya waamuzi yakibaki jijini.

Hitimisho

Mlango nao ulirudi kwa sura nyingine. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wachapishaji kulipia leseni kwa zaidi ya shilingi 2,000,000, na baadhi yao wakafunga. Hifadhi za bure nazo hufuta faili bila kumuuliza mwenyewe. Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya tenzi, ambayo leo imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miswada ile ilikuwa imedumu kwa vizazi katika masanduku ya familia. Nyimbo za andagraundi hazina sanduku. Zimo katika simu zinazoharibika na kadi zinazopotea. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuzichunguza hana budi kuanza kuzikusanya sasa, na aanzie katika miji ambayo wasanii wake hawakuondoka.