Kwa Nini Chanya Ilizikwa Ardhini

Chini ya mnara wa simu kuna kabati la chuma, ndani ya kabati kuna betri, na hapo ndipo mafundi wapya hukwama. Katika mitambo mingi ya huku kwetu waya mweusi ndio chanya, nao umefungwa kwenye ethi, yaani ardhini. Wa buluu ndio hasi, na huo ndio wenye moto. Aliyezoea magari, ambako mweusi ni hasi na hasi ni bodi ya gari, huona kila kitu kimegeuzwa juu chini. Akipima kuanzia ethi, mita yake humwonyesha hasi 54. Kwenye makaratasi ya mtambo imeandikwa hasi 48.

Namba yenyewe haina siri. Seli moja ya betri ya risasi na asidi, ya ukoo ulioanzishwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hutoa volti 2. Panga seli 24 moja baada ya nyingine, umepata 48. Chaja ikizishikilia zikiwa zimejaa, hupanda mpaka karibu 54. Volti zikizidi sana hapo mkono wa fundi unaingia hatarini. Zikipungua sana, nyaya ndefu za wateja zitazimaliza njiani. Swali gumu ni ile alama ya kutoa. Nani aliamua kwamba chanya ndiyo izikwe?

Njia ya kulijibu swali hilo inaanzia chini ya meli. Jahazi za pwani yetu zilipakwa deheni ili wadudu wa baharini wasizitoboe mbao. Meli za kivita za Uingereza zilivishwa mabati ya shaba, ambayo wadudu hawayapendi, lakini maji ya chumvi yakawa yanaila shaba. Wakuu wa jeshi la majini wakamwendea Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa rais wa Royal Society. Mwaka 1824 Davy alionyesha kwamba kipande kidogo cha zinki au chuma kikigusanishwa na shaba, shaba huacha kuliwa, na kinacholiwa ni kile kipande. Alikifanya kiwe kafara. Jaribio lilifanyika kwenye meli ya HMS Samarang na shaba ikasalimika kweli, ila ikatokea aibu ambayo haikutarajiwa: shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyokuwa sumu kwa chaza na mwani. Ilipoacha kuyeyuka, viumbe vikajishikiza kwenye meli zilizokingwa hivyo, zikawa nzito na za polepole. Jeshi likaitupa dawa hiyo.

Kanuni haikutupwa. Metali inayotoa mkondo wa umeme na kuuingiza kwenye maji au udongo hupoteza chembe zake, inayoupokea hubaki. Benjamin Franklin alikwisha kuyapanga majina ya chanya na hasi mnamo 1747, karne moja na nusu kabla ya J. J. Thomson kuigundua elektroni mwaka 1897, na ikaonekana kwamba elektroni kwenye waya huenda kinyume na mkondo tunaouchora. Wanafunzi hupenda kulalamikia jambo hilo. Kwa shaba halina maana yoyote: inaliwa upande uleule tuliozoea kuuita chanya.

Ethi nayo iliingia kwenye mawasiliano mapema. Mwaka 1838 Carl August von Steinheil wa Munich alikuwa akijaribu kupitisha telegrafu kwenye vyuma vya reli ya kati ya Nuremberg na Fürth. Vyuma vikavujisha umeme ardhini, naye akatambua kuwa ardhi yenyewe inaweza kuwa njia ya kurudi. Nusu ya gharama ya waya ikafutika. Baadaye vituo vingi vya telegrafu vikawa na bamba la shaba lililofukiwa uani, na betri ikawa na mguu mmoja ndani ya udongo.

Telegrafu ilifika Unguja kwa sababu ya vita. Januari 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza pale Isandlwana, na habari zikachukua karibu wiki tatu kufika London, kwa kuwa kebo ya baharini ilikuwa haijafika kusini mwa Afrika. Kabla ya mwaka huo kwisha kebo ilikwisha lazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, ikaendelea Msumbiji na kuteremka mpaka Durban. Jengo kubwa la watu wa kebo bado liko Shangani, ingawa siku hizi ni hoteli na wageni wanakunywa chai mahali ambapo makarani walikuwa wakisoma mistari ya wino iliyochorwa na mashine ya William Thomson.

Kebo ile ilikuwa na kiini cha shaba kilichofunikwa kwa gutapacha, utomvu wa miti ya nchi za Wamalay, na nje yake nyaya za chuma. Mwamba ukiisugua gutapacha mpaka ikatoboka, shaba hukutana na maji ya chumvi. Wapimaji wa kebo walikuwa na mikondo miwili: wa zinki, yaani hasi ya betri imeelekezwa kwenye kebo, na wa shaba, yaani chanya. Ukipeleka hasi, shaba penye tundu hutoa mapovu ya haidrojeni, hujisafisha na haipungui. Ukipeleka chanya, hutengenezwa kloridi ya shaba inayoziba tundu. Mita inaonyesha nafuu. Mpimaji mgeni anaweza kudhani kebo imejiponya, kumbe shaba ndiyo inayogeuka kuwa hicho kizibo, na siku moja inakatika kabisa. Nadhani hapa, kwenye vyumba vya kupimia kebo kuliko mahali pengine popote, ndipo chuki ya mafundi dhidi ya kuweka chanya kwenye waya ilipokomaa.

Ushahidi mwingine ulitoka mjini. Mnamo miaka ya 1890 watu wa simu wa Boston walikuta maganda ya risasi ya kebo zao za chini ya ardhi yametobolewa. Mhalifu alikuwa tramu ya umeme. Mkondo wake ulitakiwa urudi kwa njia ya reli, lakini ulichepuka na kupita kwenye kebo za simu na mabomba ya maji. Kila ulipotoka kwenye metali kuingia udongoni, uliacha tundu. Isaiah Farnham wa kampuni ya simu ya New England alilieleza jambo hilo mbele ya wahandisi wenzake mwaka 1894.

Wakati huohuo simu zenyewe zilikuwa zinabadilika. Kabla ya hapo kila simu ilikuwa na betri yake ndogo nyumbani kwa mteja, na mkono wa kuzungusha ili kumwamsha opereta. Sasa betri moja kubwa ikawekwa kwenye ekschenji na kulisha simu zote. Kwa hiyo maelfu ya nyaya nyembamba za shaba, zimefungwa kwa karatasi ndani ya ganda la risasi, zikawa na volti usiku na mchana. Unyevu ukipenya, umeme unavuja. Waya ukiwa chanya kuliko ardhi, uvujaji huo unaula mpaka ukatike, na hujui umekatikia wapi katika kilomita zote hizo. Koili za rilei, yaani swichi za sumaku za ekschenji, zilikuwa na hatari ileile. Ukiigeuza betri, chanya ikaenda ardhini na hasi ikaenda kwenye waya, waya unakuwa mpokeaji. Kinacholiwa ni chuma kilichofukiwa: kinene, bei yake ndogo, na unajua kiko wapi uende na jembe.

Magari ya Kiingereza nayo yalikuwa na chanya kwenye bodi. Land Rover nyingi zilizotangulia kwenye barabara za Afrika Mashariki zilikuwa hivyo, mpaka miaka ya 1960 ilipoleta alteneta na redio za transista, watengenezaji wakahamia hasi. Gari liliweza kuhama kwa sababu liko peke yake; halijaunganishwa na gari la jirani. Ekschenji haikuweza. Simu, chaja, rafu na betri zote zilikwisha zaliwa zikitarajia chanya ardhini, na leo ruta ya intaneti iliyo kwenye kituo cha simu, ambayo haina hata inchi moja ya waya wa mteja wa kuliwa, hulishwa vivyo hivyo. Ni mazoea, na sioni ubaya wake.

Ubaya uko kwa anayekisia rangi. Kuna vifaa vyenye dayodi ya kuzuia, vinakataa tu kuwaka. Lakini kuna ambavyo njia yake ya kurudi imeunganishwa na bodi, na bodi imefungwa kwenye rafu yenye ethi. Ukivipelekea hasi mahali pa chanya, umeifunga betri nzima kwenye chuma. Ukiwa na bahati breka inakatika. Tena, kwa kawaida chanya hufungwa ardhini mahali pamoja tu. Ukiifunga pawili, mkondo wa kazi unagawanyika na kupita kwenye makabati ambako hakuna aliyeukaribisha.

Julai 2009 kebo ya SEACOM ilifunguliwa, ikigusa Dar es Salaam na Mombasa katika bahari ileile ya kebo ya 1879. Habari inapita kwenye nyuzi za kioo, lakini kebo za namna hii zina vikuza mawimbi kila baada ya makumi ya kilomita, navyo vinahitaji umeme. Kwa kawaida kituo cha ncha moja hulisha chanya, cha ncha ya pili hulisha hasi, kwa maelfu ya volti, na mkondo unarudi kupitia bahari kama alivyoona Steinheil. Katika mpango huo kituo kinacholisha hasi ndicho ambacho ethi yake ya baharini hutoa mkondo majini, kwa hiyo wajenzi huichagulia metali isiyoliwa upesi.