Sega: Habari za Kampuni ya Michezo ya Japani

Msomaji wa Kiswahili alisikiapo neno Sega hukumbuka makao ya nyuki na asali yake. Walakini jina hili la kampuni mashuhuri ya michezo ya Japani halikutoka katika Kiswahili wala katika Kijapani. Liliundwa kwa herufi za mwanzo za maneno mawili ya Kiingereza, Service Games, jina la biashara ambayo Wamarekani waliianzisha Hawaii katika miaka ya 1940. Mali yake ilikuwa mashine za kamari, na wateja wake wakubwa walikuwa askari katika kambi zao.

Kampuni nyingi huzaliwa kwa ruhusa. Hii ilisukumwa na katazo. Mwaka wa 1951 sheria ya Marekani ilibana usafirishaji wa mashine za kamari. Ndipo Martin Bromley, mmoja wa waasisi, alipowapeleka watu wake Tokyo kutafuta soko katika kambi za Marekani zilizokuwa huko. Mwaka wa 1954 David Rosen, aliyepata kuwa afisa wa jeshi la anga la Marekani, alianzisha biashara yake mwenyewe nchini Japani. Alifungua vibanda vya picha za haraka, kwa kuwa watu walihitaji picha za vitambulisho; halafu akaagiza kutoka ng'ambo mashine za michezo zilizoendeshwa kwa sarafu. Mwaka wa 1965 biashara hizo mbili ziliungana, na Rosen akawa kiongozi wa Sega.

Mwaka uliofuata kampuni ilitoa mchezo wake ulioitwa Periscope. Mchezaji alichungulia kwa darubini ya nyambizi, akazilenga meli za kadibodi zilizopita mbele yake, na mistari ya taa ikawa ndiyo makombora. Huko Marekani mchezo mmoja uligharimu senti 25, wakati ambapo aghalabu michezo ya namna hiyo ilichezwa kwa senti 10. Watu walilipa bila ya kinyongo, na bei hiyo ikawa desturi ya miaka mingi. Mwagizaji wa mashine za wengine alikuwa amekwisha kuwa fundi.

Kampuni ilinunuliwa na Gulf and Western ya Marekani mwaka wa 1969. Soko la michezo ya video lilipoanguka huko mwaka wa 1983, mwenye mali alitaka kujitoa. Mwaka wa 1984 Rosen na Hayao Nakayama, kwa msaada wa Isao Okawa, mwenye kampuni ya CSK, waliinunua Sega, ikawa mali ya Wajapani.

Wakati huo ushindani ulikuwa umeingia majumbani. Tarehe 15 Julai 1983 Sega na Nintendo zilitoa mashine zao za nyumbani siku moja, na Nintendo ikashinda. Sega haikukata tamaa. Ilitoa Mega Drive mwaka wa 1988, na mwaka wa 1991 ikamleta Sonic, kalunguyeye wa buluu mwenye mbio, hata Nintendo ikaona tishio la kweli katika soko la Marekani.

Lakini haraka haraka haina baraka. Mwezi wa Mei 1995 Sega iliitoa Saturn kwa ghafula nchini Marekani, miezi kadha kabla ya siku iliyotangazwa, kwa dola 399. Wauzaji waliokosa mgao walikasirika, na michezo ya kuchezwa ilikuwa michache. Siku ile ile Sony ilitangaza kuwa PlayStation itauzwa dola 299. Dreamcast ya mwaka wa 1998 ilikuja na modemu yake ya simu, ikapendwa. Hata hivyo haikuweza kuilipa hasara iliyotangulia.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza mashine za nyumbani. Okawa, aliyekuwa ameikopesha fedha nyingi, aliisamehe madeni na kuipa hisa zake, zote pamoja zikiwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Mwezi wa Machi mwaka huo alifariki. Kabla mwaka haujakwisha, Sonic alikuwa akikimbia ndani ya mashine za Nintendo, mpinzani wake wa jana.

Mwaka wa 2004 Sega iliungana na Sammy, watengenezaji wa mashine zilizo jamaa ya kamari. Na baada ya maradhi ya Korona kuzifunga kumbi, iliuza kumbi zake za michezo nchini Japani kati ya miaka ya 2020 na 2022. Michezo yake haikukoma. Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Hapana budi kuongeza kwamba kukubali kuna gharama, na kwamba Sega isingaliweza kukubali kwa heshima kama hapangalikuwa na mtu aliyekuwa tayari kuilipa.