Jembe la Mwanafunzi: Kazi za Umma katika Shule za Sekondari

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo, Muheza

Viongozi wa vikundi, kabla hatujaendelea, andikeni ubaoni maneno haya matatu: kujitolea, mujibu wa sheria, kujitegemea. Mtayasikia mara nyingi leo. Watu huyachanganya, na katika kuyachanganya huko yametoka magomvi mengi.

Somo letu la leo ni historia ya wanafunzi wa sekondari kufanya kazi kwa ajili ya watu wote. Tutaona jambo hili lilianzaje katika nchi yetu, na kwa nini mahali pengine lilipendwa na pengine likachukiwa.

Sisi wa Muheza tuna sababu ya kuliangalia jambo hili kwa makini, maana nchi yetu ni nchi ya katani. Zamani za Wajerumani, na hata zamani za Waingereza, mtu aliyefanya kazi katika shamba la katani alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30. Akimaliza kazi ya siku ile, kadi ilitiwa alama. Asipoimaliza, siku ile haikuhesabiwa. Kipande kikijaa ndipo alipwe. Basi wazee wetu waliposikia neno kazi linatoka kinywani mwa mkubwa, walijua ni kazi ya nani na faida ni ya nani.

Lakini tulikuwa na kazi ya namna nyingine pia. Pande hizi za Tanga, hata Upare, kuna msaragambo. Watu wanatoka kwa pamoja kulima njia, kuchimba mfereji, au kumjengea mtu nyumba. Hapana kipande hapo. Lakini kila aliyeshika jembe alijua njia ile itapitwa na nani, na maji yale yatanywewa na nani. Jembe ni lile lile, kazi ni mbili.

Sasa tuje shuleni. Mwaka 1961, tulipopata Uhuru, wanafunzi wa sekondari katika Tanganyika nzima walikuwa 11,832. Waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Hebu rudieni hesabu hiyo: watu 176. Mngeweza kuwaketisha wote chini ya miembe michache. Hao ndio waliotazamiwa kuwa mabwana shamba, madaktari, mahakimu na wakuu wa ofisi. Wakulima walitoa kodi, na vijana hao wakasomeshwa. Ndipo likaja swali: je, wanadaiwa kitu?

Mwaka 1963 liliundwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwanzo wake lilikuwa la kujitolea, yaani kijana anakwenda kwa hiari yake. Mwaka 1966 Serikali ikaleta sheria mpya. Kijana aliyemaliza kidato cha sita au chuo atatumikia taifa kwa miaka miwili. Miezi ya kwanza atakaa kambini, kisha atafanya kazi yake ya ujuzi, lakini atapokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Hii ndiyo maana ya mujibu wa sheria: sheria imesema, na hiari imekwisha.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 walivaa majoho yao wakaandamana mpaka Ikulu, pamoja na wenzao wa vyuo vingine. Mwalimu Nyerere aliwapokea na kuwasikiliza. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba wakati wa mkoloni kulikuwa na nafuu, na hilo lilimchoma sana. Siku ile ile aliwaamuru warudi makwao, wanafunzi karibu 400. Akasema pia kwamba mishahara ya wakubwa imezidi, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.

Wengine husema wanafunzi walikuwa wachoyo. Wengine husema Rais alikuwa mkali mno. Mimi naona kila upande ulishika kipande cha haki. Mkulima aliyelipa kodi alistahili kurudishiwa kitu. Lakini vijana nao walipelekewa sheria iliyokwisha kuandikwa, na huwezi kumfundisha mtu moyo wa msaragambo kwa kumpa kipande.

Nadhani Mwalimu mwenyewe aliliona jambo hilo. Mwezi wa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tumelisikia jina hilo, lakini tuliosoma maneno yenyewe ni wachache. Watu hukumbuka kitu kimoja tu, kwamba kila shule iwe na shamba. Ni kweli alisema hivyo. Lakini alisema na jambo la pili, nalo ndilo kubwa zaidi. Wanafunzi washiriki katika kupanga kazi ya shamba lile. Waweke hesabu zake. Waone faida ikitumika kwa maisha yao ya shuleni, na wakikosea waione hasara. Hesabu ya darasani ikutane na hesabu ya mahindi. Na shule isijitenge na kijiji, bali iwe sehemu yake.

Je, ilikuwa hivyo? Mashamba yalilimwa, lakini daftari la hesabu mara nyingi lilibaki kabatini kwa wakubwa. Katika miaka ya 1970 bidii ya kazi ya mwanafunzi ilianza kutiwa katika tathmini ya masomo yake, hata akalima akifikiria alama. Baadaye, katika shule nyingi, jembe likawa adhabu: umechelewa, nenda kalime. Mimi nilisoma sekondari miaka mingi baada ya andiko lile. Shuleni kwetu, jina lake nitaliacha, tulikuwa tukipeleka kuni nyumbani kwa walimu, na kazi hiyo iliitwa kujitegemea. Sijui ni nani aliyekuwa akijitegemea hapo.

Lakini msidhani kila mahali palikuwa hivyo. Sikilizeni habari hii, maana inawahusu ninyi wenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo karibu watu wazima 7 katika kila 10 hawakujua kusoma. Walimu wa kazi hiyo wasingetosha kamwe, basi shule zikafunguliwa jioni na kila aliyejua akaombwa kumfundisha asiyejua: makarani, wake wa watumishi, vijana waliomaliza shule, na wanafunzi wenyewe. Huko Cuba walikuwa wametangulia mwaka 1961, walipowatuma wanafunzi karibu 100,000 kwenda vijijini kufundisha kusoma. Kwetu, mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39, na mwaka 1977 hadi asilimia 27.

Fikirini kijana wa miaka 17 aliyesimama mbele ya watu wa umri wa baba yake na mama yake. Anaanza kwa shikamoo, kisha anafundisha. Analazimika kueleza kwa maneno ya watu, na mzee akiuliza swali gumu hana pa kukimbilia. Hapo kijana naye anasoma. Kazi imekuwa shule.

Mwaka 1973 ukaja mpango wa Mtu ni Afya kwa redio hii ya taifa. Watu wapata milioni 2 walikaa katika vikundi kama mnavyokaa sasa, kwa wiki 12. Walisikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe: tuchimbe vyoo, tufyeke majani, tuchemshe maji. Vyoo vilichimbwa vingi mno. Angalieni mpango ule ulivyofuatana. Mazungumzo yalikuja kwanza, jembe likafuata.

Basi mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma likaongeza sharti jingine: aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, apate sifa kwa wenzake kazini, ndipo aende Chuo Kikuu. Sharti hilo lililegezwa baadaye. Utumishi wa mujibu wa sheria nao ulisimamishwa mwaka 1994, fedha zilipokuwa haba, ukarudishwa mwaka 2013 kwa vijana wa kidato cha sita, na muda wake sasa ni mfupi kuliko zamani.

Kambi ni kazi ya Jeshi, sisi hatuipangi. Lakini kazi ya shule na kijiji ni yetu. Mkuu wa shule akitaka kuwaleta wanafunzi kusafisha kisima, aanze kwa kuonana na serikali ya kijiji, na akina mama wanaochota maji waitwe, maana wao ndio wanaojua ni wapi panapooza. Wanafunzi wachague wenzao wa kuweka hesabu. Kazi ikiisha waketi na mwalimu wao waulizane: kisima hiki kilichafuka kwa nini? Mwalimu wa sayansi ana la kusema hapo, na mwalimu wa uraia pia. Mkutano huo wa mwisho ndio unaorukwa kila siku, kwa kuwa jua limekuchwa na watoto wana njaa. Afadhali kazi ipunguzwe nusu kuliko mkutano ule uachwe.

Sasa fungeni redio, mjadiliane. Tuseme shule ya sekondari iliyo karibu nanyi inawaletea wanafunzi 40 kwa siku moja. Mtawapa kazi gani? Nani ataketi nao kabla ya kazi, na nani baada yake? Wazee waliofundishwa kusoma na wanafunzi miaka ile, kama wamo kikundini, waseme kwanza. Kisha kila mmoja aandike sentensi tano katika daftari lake, na karani wa kikundi azisome kwa sauti.