Kisu na Dawa: Upasuaji wa Saratani ya Mifupa kwa Watoto wa Dar es Salaam tangu 1996

Mwaka 1996 Bunge la Tanzania lilitunga sheria zilizounda taasisi mbili za tiba jijini Dar es Salaam: Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani kando ya bahari, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) huko Upanga. Mgawanyo huo uliimarisha fani zote mbili, lakini ulimweka mpakani mtoto mwenye saratani ya mfupa. Mfupa wake ulimhitaji daktari wa upasuaji. Ugonjwa wake ulihitaji dawa za saratani.

Osteosakoma, ambayo huwapata zaidi vijana wanaobalehe na mara nyingi huanzia karibu na goti, haishindwi kwa kisu pekee. Hadi miaka ya 1970 madaktari duniani walitegemea kukata kiungo, na hata hivyo wagonjwa wengi walifariki, kwa kuwa saratani ilikuwa imekwisha kufika mapafuni. Dawa zilipounganishwa na upasuaji, zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao ugonjwa wao haujasambaa walianza kupona katika nchi zenye uwezo, na wengi wakabaki na miguu yao. Mionzi, iliyokuwa nguzo ya Ocean Road, haina nguvu kubwa dhidi ya ugonjwa huu.

Kwa familia za Mbagala, Temeke, au Bunju, Kinondoni, kikwazo kilianzia nyumbani. Goti la mtoto apendaye mpira likivimba, hudhaniwa limeteguka. Hukandwa na kufungwa. Baadaye hufuata zahanati, kisha Hospitali ya Temeke au Mwananyamala, kisha Muhimbili, na kila hatua ina nauli na siku zake, ilhali uvimbe haungoji. Daktari anapotamka kukata mguu, baadhi ya wazazi humrudisha mtoto nyumbani. Uamuzi huo si wa ujinga: mzazi huombwa kuutoa mguu bila kuahidiwa uhai.

Mwaka 2011 huduma za watoto wenye saratani zilihamishwa kutoka Ocean Road kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika eneo moja na MOI. Kisu na dawa vikawa majirani. Hata hivyo, ujirani huo humfaa tu mtoto aliyefika mapema; safari kati ya Mbagala na Upanga ndiyo sehemu ya tiba ambayo sheria za 1996 hazikuigusa.