Uganga wa Vita na Miiko ya Shujaa

Vita ni kazi ya hofu. Hakuna mtu mwenye akili timamu aendaye kuukabili mkuki au risasi bila ya moyo wake kutetemeka, na kwa sababu hiyo kila taifa lililopigana limemtafutia askari wake kitu cha kumtia nguvu: kago, zindiko, hirizi, sala au kiapo. Mambo hayo yote twaweza kuyaita kwa jina moja, uganga wa vita. Katika insha hii nataka kuutazama uganga huo kama ulivyojulikana kando ya Mlima Meru na katika nchi jirani, na kuuliza ulifanya kazi gani. Kwamba haukuzuia risasi ni jambo lisilohitaji mjadala. Swali langu ni juu ya watu walioubeba: uliwatendea nini walipokuwa hai, nasi tunawatendea nini sasa kwa kuwa wamekufa?

Yafaa tuanze mbali kidogo, kwenye mchezo. Mwaka 1974 ulichapishwa huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajivika nafsi ya shujaa wa hadithi, na dadu zikaamua bahati ya matendo yao. Mwaka uliofuata akaingizwa humo shujaa wa dini aitwaye paladini, jina lililotoka katika masimulizi ya mashujaa wa Mfalme Charlemagne. Paladini huponya majeruhi kwa kuwagusa, na katika matoleo ya baadaye humpiga adui kwa pigo lenye nguvu za kimungu. Kitabu cha mchezo chauandika uganga wake kwa hesabu: utatumika mara ngapi kwa siku, na utamdhuru adui kwa kiasi gani. Historia haina hesabu kama hiyo. Lakini kanuni moja ya mchezo huo yastahili kushikwa. Katika matoleo ya zamani, paladini akitenda uovu kwa makusudi hupoteza nguvu zake. Hapo waliotunga mchezo waligusa jambo la kweli, kwa maana uganga wa vita, popote ulipokuwapo, ulifungwa kwa miiko.

Sasa tuje mlimani. Katika karne ya 19 miteremko ya kusini ya Meru ilikuwa na watu wa makabila mawili. Wameru walikaa upande wa mashariki, wakilima migomba. Waarusha, wasemao Kimaasai, walifika baadaye na kukaa upande wa magharibi. Waarusha walishika utaratibu wa marika kama ndugu zao wa mbugani: vijana walitahiriwa kwa kundi, wakawa morani, wakapewa jina la rika, na baada ya miaka wakawapisha wadogo zao na kuingia katika uzee. Wameru nao wakaingia katika marika hayo.

Kwa Wamaasai, morani hawakutoka kwenda vitani kwa matakwa yao tu. Walimwendea laiboni, mzee wa uzao wa Inkidongi, naye akapiga ramli kwa mawe yaliyotoka katika pembe au kibuyu, akasema kama safari ni ya heri au ya shari, kisha akawapa dawa na baraka. Waliporudi na ng'ombe walimpelekea sehemu yake. Mtu atazamaye kwa haraka ataona hapa biashara ya hofu. Lakini tuangalie vizuri. Laiboni alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Mahali penye mamia ya vijana wenye mikuki na kiu ya sifa, na pasipo mfalme wala polisi, kauli ya mzee mmoja kwamba siku haijawadia ilikuwa ni serikali.

Na tutazame miiko. Morani hakula wala hakunywa peke yake. Maziwa, hata kama koo lilimkauka, hakuyanywa bila mwenziwe wa rika kuwa karibu. Mgeni huweza kuucheka mwiko huo, lakini mtu aliyelelewa hivyo tangu ujana wake hajui kujitenga. Kila siku amemtazama mwenziwe kabla ya kupeleka kibuyu kinywani, basi siku ya hatari atamtazama vilevile kabla ya kugeuza mgongo. Dawa aliyopakwa mwilini ilikuwa alama, na mwiko ndio uliokuwa nguvu yenyewe.

Nguvu hiyo ilikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ilionekana katika miaka ya 1890. Mbatiani, laiboni mkuu, alifariki karibu na mwaka 1890. Wanawe wawili, Olonana na Sendeyo, wakagombea urithi, na morani wa pande mbili wakauana, kila upande na baraka zake. Wakati huohuo sotoka iliteketeza ng'ombe na ndui ikaua watu. Ndipo Wajerumani walipofika.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, morani wa Arusha na Meru waliwaua wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, huko Akeri. Kapteni Johannes akaja na askari wenye bunduki pamoja na wapiganaji wengi wa Kichaga. Ng'ombe wakatekwa, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa. Mapigano yaliendelea kwa vipindi, na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine kumi na wanane wa Kilimanjaro na Meru. Mwaka huo boma la Wajerumani lilisimama Arusha, na mikono iliyolijenga ilikuwa ya watu walioshindwa. Morani hawakukosa ushujaa wala umoja wa rika. Walikosa bunduki, walikosa ng'ombe waliokufa kwa sotoka, na walikosa majirani wa kusimama upande wao.

Upungufu huo wa mwisho ndio uliojaribiwa kuondolewa kusini mwa nchi miaka michache baadaye. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji yaliyochanganywa na mtama na mbarika, akawaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Aliyepokea dawa hiyo alikatazwa kulala na mwanamke wakati wa vita, na alikatazwa kupora. Amiri wa jeshi lolote angefurahi kuwaona askari wake wakizishika amri hizo. Maji yalivuka mipaka ya makabila, yakawafanya Wamatumbi, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengineo wajione kuwa watu wa jambo moja. Vita vilianza Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini dawa iliendelea kusafiri. Tarehe 30 Agosti maelfu walilivamia boma la Mahenge mchana kweupe, na bombomu zikawafyeka. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza walioachwa na risasi. Serikali yao ilikiri vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikisia kuwa vilikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Asije mtu akadhani kwamba imani hii ilikuwa ya Waafrika peke yao. Katika vita vya 1870 na 1871, na tena katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, askari wengi wa Kijerumani walibeba mifukoni karatasi iitwayo barua ya mbinguni, iliyoahidi kwamba aichukuaye hatadhuriwa na risasi wala upanga. Wana wa taifa lililotengeneza bombomu walijikinga nazo kwa karatasi. Tofauti kati yao na watu wa Mahenge haikuwa ya akili. Ilikuwa ya silaha.

Hapa tumefika penye uchungu wa jambo hili. Miiko iliyowaunganisha watu ilikuwa pia na upande wa giza. Shujaa akianguka, mganga alikuwa na jibu tayari: huyu alivunja mwiko. Aliyesimama ameushika, aliyelala ameuvunja. Wala maiti haiwezi kujitetea. Kwa njia hiyo dawa haikushindwa kamwe, wakashindwa watu, na marehemu akauawa mara mbili, kwanza kwa risasi na kisha kwa lawama.

Nasi tulio hai twaifanya dhambi hiyohiyo kwa lugha nyingine. Wako wasemao kwamba wazee wetu walikufa kwa sababu walikuwa wajinga, waliamini maji. Usemi huo una sura ya elimu, lakini umbo lake ni lilelile la mganga: wamtwika marehemu kosa la kifo chake, na wamwacha nje ya shauri aliyefyatua bunduki na aliyechoma ghala la mtama. Wako na wengine wasemao kwamba dawa ilikuwa ya kweli, ila miiko ilivunjwa. Hao nao humshitaki marehemu. Kati ya kejeli na ibada, mtu wa historia hana budi kutafuta njia ya tatu: aseme wazi kwamba dawa haikuzuia risasi, aseme wazi kwamba iliwaunganisha watu, kisha auweke uzito wa mauaji juu ya waliouwa.

Na nchi ya Meru ina ushahidi kwamba muungano ule ungeweza kuishi bila ya mkuki. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zikachomwa tena, kama mwaka 1896. Safari hii watu hawakushika silaha. Walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet hadi New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini sauti yao ilisikiwa na dunia, na Tanganyika nzima ikajifunza kutoka kwao. Hapana maji yaliyonyunyizwa, wala hapana jiwe lililotoka katika pembe, ila kila aliyetoa shilingi yake alijua kwamba jirani yake naye ametoa, kama morani alivyojua kwamba hanywi maziwa peke yake.

Kijana achezaye mezani na kuuhesabu uganga wa paladini wake hana kosa. Mchezo ni mchezo, na dadu haimwui mtu. Lakini atakapofungua kitabu cha historia, na akute habari za mtu aliyekwenda mbele ya bombomu akiwa na maji mwilini, asiulize tu kama maji yale yalifaa. Aulize pia ni nani aliyekuwa amesimama kando yake, na ni nani aliyekuwa nyuma ya bombomu.