Skripti Ikae Mkononi

Mtoto wa Kocholia huzungumza lugha mbili tatu kabla ya kusoma hata moja. Kiteso ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha soko na cha madereva wa trela wanaongoja kuvuka Malaba, Kiingereza ni cha mtihani. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya eneo. Mjini mpakani, lugha ya eneo ni ipi?

Sasa mweke hapo mtoto mwenye disleksia. Mwaka 1896, mwaka ambao reli ya kwenda Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa, daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika kuhusu kijana wa miaka 14: mwerevu kabisa, lakini maneno yaliyoandikwa hayamkai. Huku kwetu jina lake lilikuwa "mvivu". Vituo vya serikali vya kupima wanafunzi wenye mahitaji maalum vilianza 1984, na taasisi ya KISE ikaundwa 1986 kufunza walimu wao. Lakini disleksia haina fimbo wala kiti cha magurudumu, kwa hivyo ni rahisi kuipita.

Jukwaa lilikuwa limetangulia. Tamasha la drama la shule lilianza 1959, bado enzi ya mkoloni, na mazoezi yake yanafanana sana na mbinu aliyoieleza S. Jay Samuels wa Marekani mwaka 1979: soma kifungu kifupi, kirudie, kirudie tena, hadi macho yaache kuhangaika na herufi na akili ibaki na maana. Haichukui nafasi ya kufunzwa herufi na sauti zake, hapana. Lakini mtoto gani anapenda kurudia kifungu bure? Mchezo unampa sababu. Akisoma maneno ya chifu mlevi mara kumi, hakuna wa kumcheka, maana kila mtu anarudia yake.

Ugomvi wangu na tamasha ni huu: shule inatafuta kikombe. Skripti inawekwa kando mapema, watoto wanakariri. Na huyu wetu ni bingwa wa kukariri, si amekuwa akijificha hivyo tangu darasa la kwanza? Katika shairi la kughaniwa na kikundi anaweza kufika kitaifa bila kusoma mstari hata mmoja. Jumatatu anarudi darasani, anaambiwa asome, kimya. Hapo makofi yanageuka ushahidi dhidi yake: "Si uliyasema yote jukwaani? Hii ni jeuri tu." Bana, kiboko kimewahi kufuata hapo.

Skripti ikibaki mkononi hadi mwisho, mambo yanabadilika. Mistari iwe mifupi, wasome wawili wawili, kidole kifuate neno linalotamkwa. Hakuna basi la kukodi wala mavazi ya kushona. Mstari wa kwanza unaweza kuwa wa dereva wa trela akibishana na afisa wa forodha. Sauti hiyo kila mtoto wa Malaba anaijua tayari.